Krismasi Inaanza Julai: Maandalizi ya Sikukuu kwa Sisi wa Msamvu

Sisi tunaoishi kwa stendi ya mabasi ya Msamvu, mjini Morogoro, hatuna Desemba ya mapumziko. Kuanzia tarehe 18 hivi mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanaingia yamejaa, mengine yakielekea Dodoma na Kanda ya Ziwa, mengine Iringa, Mbeya na Songea, na kila abiria anayeshuka kwa dakika kumi anataka chai, maji, hindi la kuchoma au mahali pa kumbadilisha mtoto nguo. Hata baada ya treni ya SGR kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, wiki ya sikukuu imebaki kuwa msimu wetu wa mavuno. Mama lishe, mbeba mizigo, mwenye bodaboda, wote wanajua kwamba pesa ya siku hizo saba hawataiona Februari. Kwa hiyo wakati wengine wanapika, sisi tunawahudumia wanaokwenda kupikiwa, halafu usiku wa tarehe 24 tunarudi nyumbani na pesa mkononi na jiko halina kitu.

Mwaka mmoja nilifanya hivyo. Saa mbili usiku nikaanza kuzunguka: kuku wawili kwa bei ya mtu mwenye haraka, kreti ya soda, keki ya duka, nguo za watoto nilizozikadiria kwa macho. Krismasi ilipita vizuri. Januari shule zilipofunguliwa mwanangu wa kwanza akakaa nyumbani siku tisa akisubiri viatu. Nilipopiga hesabu sikuona anasa hata moja. Vilikuwa vitu vya kawaida kabisa, ila nilivinunua katika wiki mbaya kuliko zote za kununua. Tangu hapo naipanga sikukuu kinyumenyume, naanzia Januari narudi nyuma.

Viatu vyeusi

Mwaka wa shule kwetu unaanza Januari, na hilo ndilo la kwanza kuwekwa mezani. Sare, madaftari, michango, na kwa wapangaji kodi ya miezi mitatu au sita, vyote vinasubiri nyuma ya sahani ya pilau. Nguo ya sikukuu ichaguliwe ukiwa unaitazama Januari. Nyumbani kwangu viatu vya Krismasi ni vyeusi, vya kufunga kamba. Mtoto anakwenda navyo kanisani tarehe 25, navifuta, vinarudi kwenye boksi, vinatoka tena siku ya kufungua shule. Kwake ni viatu vipya mara mbili. Soksi nyeupe zinafuata utaratibu huo huo.

Kuhusu gauni na shati, kitenge cha yadi sita kinaweza kumtosha binti wa miaka kumi na kaka yake, na mama akabaki na kilemba, mradi fundi awe mtu asiyepoteza vipande. Mpelekee kitambaa Oktoba. Desemba mafundi wanazidiwa, na wengi hawamalizi kabla ya sikukuu hata wakikesha. Mwombe aache upindo wa vidole vinne chini na mshono mpana ubavuni, ili mwakani nguo iachiwe badala ya kununuliwa nyingine. Sare ya familia kwa kitenge kimoja inapendeza kuliko nguo tano za rangi tano, na picha ya ukutani itakushukuru.

Pesa yenyewe naiweka kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari, kisicho na kufuli. Kila jioni ninapofunga meza ya biashara kinapokea chenji, na kinavunjwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba mbele ya watoto, ili waone kiasi kilichopo na kiasi ambacho hakipo. Mtoto aliyehesabu sarafu hizo haombi kitu kisicho na fungu. Walio kwenye vikundi vinavyogawana Desemba, ugaweni mgao siku ile ile mara mbili, na fungu la shule litoke kwanza, kabla hamjafika hata nyumbani.

Ghala kabla ya jiko

Mchele nanunua Julai au Agosti, mavuno ya Kilombero na Dakawa yakiwa yameingia sokoni. Ukisubiri Desemba, unaununua kwa kisado kimoja kimoja wakati kila mtu anautaka. Upepete, uondoe chenga na vumbi, uutie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana na uijaze hadi juu, maana nafasi tupu ndani ya ndoo ndiyo hewa ya fukusi. Andika kwa kalamu juu ya mfuniko: SIKUKUU. Neno hilo linazuia mikono mingi.

Vitunguu vinavyotoka Ruaha Mbuyuni, barabara ya Iringa, navinunua mapema Novemba. Chagua vyenye shingo kavu, vining'inize kwenye wavu mahali penye upepo, na kila wiki toa kilicholainika kabla hakijaharibu wenzake. Nazi nzima inakaa wiki kadhaa. Itikise kwanza usikie maji ndani. Isiyo na maji iache hapo hapo.

Viungo ndilo eneo ambalo mtu wa Morogoro hana sababu ya kununua pakiti. Mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga vinalimwa hapa hapa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, Kinole, Mkuyuni na Matombo, na wakulima wanavishusha mjini. Nunua vizima. Bizari nyembamba ndiyo inayotoka mbali, hiyo nunua kidogo. Siku moja kabla ya kupika, vikaange bila mafuta kwenye kikaango cha moto mdogo mpaka harufu ipande, vipoe, kisha vitwangwe kwenye kinu. Kiungo kilichosagwa miezi sita iliyopita kimeshaacha harufu yake dukani. Na rangi ya pilau, niwaambie wanaohangaika, iko kwenye kitunguu. Kikaange taratibu mpaka kiwe kahawia iliyokolea, hakijaungua, halafu nyama na viungo vifuate. Familia ikiwa kubwa, kata viazi vikubwa na uvikaange pamoja na nyama. Kilo mbili za nyama zitawalisha watu ambao bila viazi wangehitaji tatu.

Kuku wa kienyeji anachukua miezi mitano hadi sita mpaka afae kuliwa, chotara mitatu au minne. Vifaranga vya chotara wa Krismasi, basi, viwe bandani mwishoni mwa Agosti. Wengi tumewahi kufuga hivi tukaishia kuzika kuku Oktoba, kwa sababu ugonjwa wa kideri hupenda kushambulia miezi ya kiangazi. Chanjo yake ni tone moja la jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulio nao, na ikishafunguliwa haingoji, kwa hiyo jikusanyeni majirani watano mchanje asubuhi moja. Mbuzi naye si wa nyumba moja. Nunueni nyumba mbili au tatu kwa pamoja mgawane, na kichwa na utumbo vikatoe supu ya asubuhi ya tarehe 26.

Kimea cha bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Matombo. Kila Krismasi alishuka na kibuyu cha togwa, na sisi wajukuu tulikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Alifariki mwezi wa tatu. Desemba ya mwaka ule tukakaa kupanga nani alete nini, tukafika kwenye togwa, tukatazamana. Mabinti zake wanne na wajukuu tusiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyejua hatua zote. Kila mmoja alikuwa na kipande: huyu alikumbuka gunia lenye maji, yule alikumbuka kukatazwa kugusa chungu. Mwaka huo tulinunua soda. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, na kwa desturi ardhi nayo inafuata ukoo huo. Shamba la bibi lilipata wenyewe bila mabishano, kikao kikakaa, mjomba akasema, yakaisha. Ujuzi wake haukuwa na kikao.

Nilikwenda kwa bibi mdogo, dada yake, nikakaa siku nne. Nayaandika hapa kama alivyonionyesha.

Chagua ulezi usiobanguliwa, na usiwe ule wa mbegu wenye dawa. Uoshe, uloweke kwa maji safi usiku mmoja na mchana wake. Uchuje, uutandaze juu ya gunia lililoloweshwa, kivulini, uufunike kwa gunia jingine, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona vijimizizi vyeupe. Vikifikia urefu wa punje yenyewe, anika juani mpaka ukauke kabisa. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, mwaga wote uanze upya. Ukishakauka, twanga au saga. Huo unga ndio kimea, na ukiwa mkavu ndani ya chupa unakaa wiki nyingi, ndiyo maana mimi naumaliza mwanzoni mwa Majilio, stendi haijachangamka.

Jioni ya kutengeneza togwa, pika uji mzito wa unga wa mahindi, uive kweli kweli, dakika thelathini si nyingi. Uepue. Hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: nilitia kimea uji ukiwa unachemka, asubuhi nikakuta uji ule ule mzito, hauna utamu. Bibi mdogo alinieleza kwa neno moja, kwamba nimekiua. Kimea kina nguvu inayovunja wanga na kuugeuza sukari, na moto mkali unaimaliza nguvu hiyo. Subiri mpaka uji uwe vuguvugu, kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua. Tia kimea kama vijiko vitatu vya chakula kwa kila lita, koroga kwa mwiko uliooshwa kwa maji ya moto, na utaona uji unalegea mbele ya macho yako. Funika kwa kitambaa safi. Kesho yake ni togwa tamu ya kunywewa na watoto. Keshokutwa inaanza kuchachuka, na wazee wengine huipenda hivyo.

Hakuna kijiko cha sukari humo. Mwanzoni mwa 2024, mvua nyingi zilipovuruga uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na bei ikapanda nchi nzima, hata sisi ambao viwanda vya Kilombero na Mtibwa viko mkoani kwetu. Mwenye kimea hakuguswa upande wa vinywaji.

Kutokana na togwa hii nikaweka sheria nyumbani, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote yaliyomo humu: kila kitu cha sikukuu kiwe na mwenyewe, na mwenyewe awe na mwanafunzi. Pilau ni ya mume wangu, mwanafunzi wake ni kijana wetu wa miaka kumi na minne. Togwa ni yangu, mwanafunzi ni binti wa dada yangu. Maandazi ni ya mama mkwe. Mwanafunzi hasimami kutazama. Mwaka wa kwanza anashika mwiko, mwaka wa pili anapima, mwaka wa tatu anapika na mwenyewe anakaa kwenye kigoda. Mila inagharimu muda kuliko pesa, na muda ndio tulionao sisi tusioweza kununua kila kitu, mradi uanze kabla ya tarehe 18.

Keki, maganda na matawi

Keki haihitaji jiko la umeme. Unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai matano, kijiko kikubwa cha hamira ya unga ya keki, maziwa kikombe, na iliki uliyotwanga mwenyewe. Piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, mayai yafuate moja moja, halafu unga na maziwa kwa zamu. Chukua sufuria kubwa, tandika chini mchanga safi mkavu, ipashe dakika kumi. Sufuria ya keki iliyopakwa siagi iingie humo, funika kwa mfuniko wa bati, kisha weka makaa mengi juu na machache sana chini. Kosa la wengi ni kugeuza: wanajaza chini, keki inaungua kitako na kubaki mbichi kichwani. Baada ya kama dakika 45 choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva. Keki hii ikifungwa vizuri inakaa siku tatu, kwa hiyo inaokwa tarehe 22 usiku.

Desemba ni msimu wa maembe na mananasi. Baada ya kukata nanasi usitupe maganda. Lisugue nanasi likiwa bado halijamenywa, kisha maganda yachemshwe na tangawizi na kijiti cha mdalasini, yachujwe, yapoe. Hicho ni kinywaji cha pili cha sikukuu kwa bei ya maji na mkaa.

Mapambo yako barabarani. Mti tunaouita mkrismasi umeshawaka maua mekundu mjini kote kufikia wakati huu. Omba tawi kwa mwenye mti, likate alfajiri ya tarehe 25, litie kwenye ndoo yenye maji, kwa sababu maua yake hunyauka upesi. Nawasihi msipande mlimani kukata mti. Msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na humo ndimo inamotoka mito inayotunywesha sisi wa Morogoro, na Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Pango la Noeli watoto walifinyange wenyewe kwa udongo, ng'ombe, kondoo, mchungaji, paa liwe la majani makavu ya mgomba. Wape Jumapili ya pili ya Majilio udongo na siku nzima. Wangu wamehifadhi ng'ombe asiye na pembe moja kwa miaka mitano, na hakuna anayekubali atupwe.

Sahani na safari

Msamvu ni njia panda, na mtaani kwetu kuna Mchaga asiyeweza kulipa nauli ya watu watano hadi Moshi, kuna Mhehe, kuna Mgogo, na nusu ya nyumba ni za Waislamu. Kuku na mbuzi wetu huchinjwa na jirani Mwislamu, ili atakayepokea sahani ale bila shaka moyoni. Sahani zinatoka saa saba mchana, watoto ndio wanaozipeleka, na wanafundishwa kusalimia kwanza: shikamoo bibi, mama anasema karibuni sikukuu. Sahani haitarudi tupu. Idd itafika nasi tutapokea. Anayebaki mjini kwa kukosa nauli, mwombe apike kitu kimoja cha kwao akilete. Kwetu tumekula ndizi nyama za Kichaga miaka miwili mfululizo kwa njia hiyo.

Tarehe 26 tunapanda kwa mjomba Matombo, barabara ya Kisaki, alfajiri kabla Hiace hazijajaa. Hatubebi vya kujionyesha. Tunabeba vile ambavyo mlimani vinanunuliwa kwa shida: sukari, majani ya chai, sabuni za mche, chumvi, dawa za kupaka wazee magoti, na kanga moja kwa bibi mdogo. Tunarudi na mkungu wa ndizi, magimbi, mananasi na fungu la mdalasini, chakula cha wiki mbili za mwanzo za Januari, wiki ambazo mfuko unakuwa mwepesi kuliko zote.

Usiku wa tarehe 27 nafungua daftari la sikukuu. Naandika mchele ulioliwa, kilichobaki, kilichoharibika, bei ya kila kitu na tarehe niliyokinunua, nani alikuja, nani hakuweza na kwa nini. Kurasa za nyuma nimeandika kila chakula pamoja na jina la mwenyewe na la mwanafunzi wake. Mistari miwili bado ina mwenyewe tu.

Nawe kama una mzee ambaye peke yake ndiye anayejua kitu kimoja cha sikukuu ya kwenu, iwe ni kimea, ni mkate au ni wimbo, mpigie simu wiki hii. Mwulize ulezi anauloweka siku ngapi, na uwe na kalamu mkononi.